Je, Ndege Aliyerudishwa Porini Ahesabiwe?

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinitajia mambo matatu nichague moja: utumishi wa umma, umuhimu wa kusoma kwa bidii, au ndege. Mimi ni mtumishi wa Serikali kwa zaidi ya miaka 20 sasa, na la kwanza nalizungumza kila siku kwa mshahara. La pili mmekwisha kuambiwa asubuhi hii na wageni watatu. Nimechagua ndege.

Walakini sikuchagua kwa mzaha. Katibu alinieleza kwamba Klabu ya Ndege ya shule yetu ina ugomvi. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye yumo humu ndani na sitamtaja, alimwona korongo taji kwenye kinamasi cha ng'ambo ya shamba la shule. Alimwangalia kwa darubini karibu nusu saa. Akaona kwamba ndege yule ana pete mguuni. Kijana mwaminifu, angeweza kuinyamazia pete ile, wala hakuna ambaye angejua. Aliiandika. Kwa sababu ya pete ile wenzake wanataka korongo wake afutwe katika daftari la klabu, maana kanuni ya pili katika ukurasa wa kwanza inasema hivi: "Ndege aliyewahi kuwa mikononi mwa mtu hahesabiwi." Na ndege mwenye pete, kwa vyovyote vile, amewahi kuwa mikononi mwa mtu.

Kanuni ile naifahamu vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Iliandikwa kwa ajili yangu.

Wenzangu wa mwaka 1997 wanakumbuka. Marehemu mwalimu wetu wa baiolojia ndiye aliyeanzisha daftari lile, na mwanzoni lilikuwa na kanuni moja tu: "Ndege ahesabiwe akiwa hai na huru." Kila muhula mwanachama mwenye orodha ndefu kuliko wenzake aliruhusiwa kwenda nyumbani likizo na darubini ya klabu. Darubini ilikuwa moja, kioo cha kushoto kina ufa, lakini kwetu sisi ilikuwa ni kama kupewa gari. Muhula ule mimi na rafiki yangu mmoja, aliyekaa pale safu ya tatu na kujifanya anasoma ratiba, tulikuwa sawasawa: ndege 61 mimi, 61 yeye. Zikiwa zimebaki siku mbili kufunga shule, nilitumwa mjini. Katika ua wa nyumba moja ya wageni nikamkuta korongo taji anatembea kwa maringo kati ya meza. Niliporudi nikaandika: korongo taji, mmoja, kinamasini. Nikawa na 62.

Mwalimu alinisomea orodha yangu mbele ya klabu nzima. Alipofika kwa korongo akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Huyu alikuwa anakula nini?" Nami, bila kufikiri, nikajibu, "Wali."

(Kicheko.)

Mnacheka leo, siku ile nilitamani sakafu ipasuke. Mwalimu hakunichapa. Alichukua kalamu nyekundu, akamfuta korongo wangu, akageuza ukurasa wa kwanza na kuandika kanuni ya pili. Darubini ikaenda na rafiki yangu. Kwa hiyo, vijana, mnapogombana juu ya kanuni ile mjue kwamba haikushuka kutoka juu. Ilitokana na uongo wa mvulana wa Kidato cha Tatu.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, maana swali hili limewasumbua watu wenye darubini nzuri kuliko yetu.

Mwaka 2013 Serikali ilinipeleka Marekani kwa mafunzo mafupi, katika jimbo la Arizona. Jumamosi moja mwenyeji wangu, mtazama ndege wa siku nyingi, alinichukua kwa gari hadi Navajo Bridge, daraja lililo juu ya mto Colorado kwa zaidi ya mita 140. Tukaegemea ukingo. Chini yetu, juu ya chuma cha daraja, alikuwa ameketi tumbusi mkubwa kuliko tumbusi yeyote niliyewahi kumwona: kondori wa California. Akanyosha mabawa. Mabawa ya kondori, ncha hadi ncha, hukaribia mita 3. Pimeni katika bwalo hili mtaona. Juu ya bawa alikuwa na kibandiko chenye namba, kama ng'ombe wa mnadani. Mimi nilikwisha toa daftari. Mwenyeji wangu alitabasamu tu, mikono mifukoni. Nikamwuliza mbona haandiki. Akasema, "Huyu hahesabiwi."

Nilidhani natania na mtu asiyejua kutania. Kumbe alikuwa anasema kweli. Chama cha watazama ndege cha Marekani, American Birding Association, kina kanuni zake za orodha, na kwa kanuni za wakati ule kondori yule alikuwa sawa na kuku. Mtu angeweza kuvuka bara zima, akamwona ndege adimu kuliko karibu wote wa Marekani Kaskazini akiruka juu ya korongo la mto, na asimwandike.

Sababu yake ni historia. Mwaka 1982 kondori wa California walikuwa wamebaki 22 duniani kote. Walikuwa wanakufa kwa bunduki, kwa nyaya za umeme, na zaidi ya yote kwa risasi. Kiswahili chetu kimelieleza jambo hili vizuri bila kukusudia, maana neno ni moja: risasi ile inayotoka katika bunduki, na risasi ile madini yenye sumu. Mwindaji humpiga mnyama. Vipande vidogo hubaki katika mzoga au katika matumbo yaliyotupwa. Kondori hula mzoga, na sumu humlemaza tumbo hadi akafa kwa njaa mbele ya chakula. Ikaamuliwa wote waliobaki wakamatwe. Kulikuwa na upinzani mkali. David Brower, mmoja wa watetezi mashuhuri wa mazingira katika nchi ile, alipinga kukamatwa kwao. Kwake yeye kondori bila pori lake si kondori tena. Hata hivyo kazi ikaendelea, na mwezi Aprili 1987 kondori wa mwisho aliyekuwa huru akanaswa. Wote pamoja walikuwa 27, na wote wamo kizimbani, katika bustani za wanyama za San Diego na Los Angeles.

Kondori jike hutaga yai moja tu, tena huweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kutaga lingine. Ila ukimwondolea yai mapema, aghalabu hutaga la pili. Watunzaji wakatumia ujanja huo. Mayai yakawekwa katika mashine ya kuatamia, na vifaranga walilishwa kwa kikaragosi cha mkono chenye sura ya kichwa cha kondori, ili wasimwone mtu na kumdhania mama. Mwaka 1992 wa kwanza wakaachiwa California. Mwaka 1996 wengine wakaachiwa Arizona. Wale wa mwanzo walikuwa na tabia za vijana walioacha shule: wakitua juu ya nguzo za umeme, wakizoea watu. Baadhi ilibidi warudishwe kizimbani. Watunzaji wakaweka nguzo za bandia ndani ya vizimba zenye kutekenya kwa umeme kidogo, ili ndege ajifunze kwamba nguzo si mti. Leo kondori wote wamepita 500, na zaidi ya nusu wanaruka porini. Bado hunaswa mara kwa mara kupimwa damu, na wakikutwa na sumu hutibiwa. Jimbo la California lilikataza kabisa risasi za madini ya risasi katika uwindaji kuanzia tarehe 1 Julai 2019.

Basi mnaona hoja ya wale waliokataa kumhesabu, na msiidharau. Orodha ni ushahidi. Mtu akiandika "kondori, mmoja, Arizona", msomaji wa miaka 50 ijayo atadhani kulikuwa na kondori wanaojitegemea, kumbe kuna daktari nyuma ya kila mmoja. Pili, mtu aliyemtafuta ndege jangwani siku nne na mtu aliyesimama pale walipofungulia kizimba hawakufanya kazi moja. Nawaambieni kama mtu aliyewahi kumhesabu ndege wa kwenye sahani: hoja hiyo ni ya kweli.

Lakini mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya safari yangu, chama kile kilibadili kanuni. Tangu hapo ndege wa jamii ya asili ya mahali, aliyerudishwa, anahesabika kama yeye ni sehemu ya kundi ambalo limekwisha kutotoa vifaranga porini, au kama haiwezekani kumtenga na yule aliyezaliwa porini. Kondori walikuwa wamekwisha kulea vifaranga wao wenyewe tangu miaka ya 2000 na kitu. Kwa hiyo mimi, nikiwa nimeketi ofisini na mafaili yangu, nikapata ndege mmoja zaidi bila kuinuka kitini. Mwenyeji wangu aliniandikia barua ya mistari miwili: "Kondori wetu amepewa uraia. Mwandike."

Nilimwandika. Kisha nikamwambia rafiki yangu wa safu ya tatu, naye mpaka leo hajakubali. Anasema ndege hawezi kuwa porini kwa azimio la kikao. Na yeye ni mwanasheria!

Tumebishana juu ya hili miaka kumi na zaidi, na nataka niwape hoja moja ambayo hajaweza kuijibu. Katika ndege zake 61 za mwaka 1997 alikuwemo kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliyemwona Dar es Salaam alipokwenda kwa shangazi yake. Kunguru yule si wa hapa. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka, akavuka, akaenea mwambao wote, akala mayai na vifaranga vya ndege wetu wadogo, na ameshinda kila jitihada ya kumpunguza. Kwa kanuni za watazama ndege karibu kote duniani, kunguru huyo anahesabika bila swali, maana ameshamiri na anajizalia mwenyewe. Mgeni aliyeletwa na mikono ya watu akatuharibia nyumba anaandikwa. Mwenyeji aliyefukuzwa nyumbani kwake na mikono ya watu, kisha akarudishwa na mikono hiyohiyo, anaambiwa asubiri nje. Kama hiyo ni sheria, basi imeandikwa na kunguru.

Waingereza wao hawakusumbuka sana. Mwewe mwekundu alikuwa ametoweka Uingereza na Uskoti, akibaki Wales tu. Wakaanza kumrudisha mwaka 1989 na leo ni ndege wa kawaida juu ya barabara kuu, na kila mtu anamwandika. Lakini si kila jitihada hufika huko. Wamarekani walijaribu pia kwa korongo mweupe, ndege mrefu kuliko wote wa kwao. Kuanzia mwaka 2001 walivaa mashuka meupe ya kuficha umbo la mtu, wakawafundisha makorongo wadogo kufuata ndege ndogo ya injini kutoka Wisconsin hadi Florida, ili wajue njia ya kuhama, maana hakukuwa na mzazi wa kuwaonyesha. Msafara wa mwisho wa namna hiyo ulianza mwaka 2015. Ndege wale walijifunza njia vizuri. Kulea vifaranga ndiko kulikowashinda wengi wao. Hapo ndipo mimi ningesita kidogo na kalamu yangu. Kujua njia hakutoshi.

Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu. Vyura wadogo wa Kihansi, wale wa milima ya Udzungwa wanaozaa watoto badala ya kutaga, waligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme likapunguza maji ya maporomoko, na mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kwa ndege, ya injini. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hakuna tena. Mwaka 2010 wakaanza kurudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikosoma mimi, na mwaka 2012 wakaachiwa tena Kihansi, ambako maji hurushwa kwa mabomba kuwapa manyunyu yao. Sijamsikia Mtanzania hata mmoja akisema wale ni vyura wa New York.

Turudi kinamasini. Korongo taji aliingizwa mwaka 2012 katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Mojawapo ya sababu ni watu kama yule mwenye nyumba ya wageni: kifaranga hutolewa kinamasini, hukatwa manyoya ya mabawa au huvunjwa bawa, hufanywa pambo la bustani. Jirani zetu wa Rwanda, ambako humwita umusambi, walikuwa na makorongo wengi wa namna hiyo majumbani na mahotelini. Mwaka 2014 daktari wa wanyama, Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwarudisha. Watu waliombwa wawaandikishe ndege wao bila kuadhibiwa. Ndege wakapimwa afya, wakawekwa karantini, wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, wakakaa ndani ya uzio mpaka manyoya yaliyokatwa yakaota upya. Wakaota, wakaruka. Walioachiwa hivyo wamepita 150. Wale wasioweza kuruka tena wana makao yao Kigali.

Akagera iko wapi? Nyinyi mnasoma jiografia. Ni mto tu unaotutenga nayo, na korongo hana pasipoti.

Sisemi kwamba korongo wa kijana wetu lazima ametoka kule, pete haikusomeka. Lakini tuchukue kwamba ametoka. Alizaliwa wapi? Si katika mashine. Kwa vyovyote alizaliwa kinamasini, akaibwa. Alitembea miaka kati ya meza akila wali. Akarudishiwa mabawa, akavuka mto, akashuka hapa kwetu ambapo makorongo wenzake hawajawahi kwisha, nao wanazaa kila mwaka kwenye matete. Kwa kanuni ile ya 2014 anapita. Na kwa kanuni ya kwanza ya marehemu mwalimu anapita bila hata kuinama: yu hai, na yu huru. Anayemzuia ni ile kanuni ya pili peke yake, na hiyo iliwekwa imzuie mvulana mwongo. Haikuwekwa imzuie ndege.

Kwa hiyo, kama mtu ambaye kwa kosa lake kanuni ile iliandikwa, naiomba klabu iifute. Iwekwe badala yake kwamba ndege aliyerudishwa nyumbani kwake ahesabiwe maadamu anaruka, anajitafutia chakula, na wenzake wanazaa mahali hapo. Na kwamba kila mwenye pete aandikwe rangi ya pete, mguu gani, saa ngapi, anafanya nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko namba yenyewe. Wale waliomfungulia wana haja ya kujua kama amefika miaka mitatu au amekufa wiki ya pili, na hawawezi kukaa kila kinamasi. Mvulana mwenye darubini yenye ufa anaweza. Lakini nani atasimama nusu saa kumwangalia ndege ambaye klabu imekwisha kumwambia hafai? Mwenyeji wangu wa Arizona, pamoja na mapenzi yake yote, alimtazama kondori dakika tano akarudi garini.

Rafiki yangu anatikisa kichwa. Anataka kusema kwamba mkilegeza leo, kesho mtu ataleta kasuku wa shangazi yake. Huenda. Ndiyo maana kuna mwalimu wa klabu, aulize ndege alikuwa anakula nini.

Na korongo wangu wa 1997? Mwenyekiti wa klabu aliniuliza asubuhi, kwa adabu lakini nikaona anacheka machoni, kama nataka arudishwe. Hapana. Abaki amefutwa, wino mwekundu na yote. Hakuwa huru, na mimi sikusema kweli.

Klabu itapiga kura Jumatatu. Wanafunzi wa zamani hatuna kura, tuna midomo tu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunakwenda kinamasini, mimi, rafiki yangu, na yeyote atakayeamka. Matope ni mengi, vaeni viatu vya mpira. Nimeleta darubini mbili kwa ajili ya klabu. Zote vioo vizima. Kijana aliyeona pete atatangulia mbele, maana yeye ndiye anayejua mahali.